Mkanda wa Ayeyo

Mwaka wangu wa pili Garissa nilipewa kazi ya kupima watu wakiwa kazini. Mimi ni mtaalamu wa viungo hospitalini, yule anayekunyoosha goti huku ukimlaani, na tulikuwa tumeletewa mikanda ya kufunga kifuani, kila mmoja na kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachosoma mapigo ya moyo na mwendo wa mwili kwa pamoja. Mtu anaufunga asubuhi, anaenda zake kazini, na jioni nikikichomeka kile kidude kwenye kompyuta, siku yake nzima inatokea kama mstari. Mstari ukipanda, alikuwa anahangaika. Ukilala, alikuwa ameketi. Tulitaka kujua nani hospitalini anachoka kupita kiasi na nani anaozea kitini.

Niliipenda kazi hiyo, tena kwa majivuno. Mimi si mtu wa kuamini midomo. Ukimwuliza mtu kazi yake ni nzito kiasi gani, atakujibu kulingana na anayemsikiliza: mkubwa wake akiwa karibu, nzito, mke wake akiwa karibu, nzito zaidi. Mkanda haujui aibu wala sifa. Mhasibu wetu alipojua zamu yake imefika, alishinda kutwa akitikisa mguu chini ya meza ili aonekane mchapakazi, na mstari wake ukatoka na moyo uliotulia tuli ndani ya mwili wenye wazimu. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Tangu siku hiyo nikawa naringa kwamba hakuna wa kunidanganya mimi na mikanda yangu.

Hapo ndipo daktari wetu, kijana wa hapa hapa Garissa, aliponiletea mtu asiye wa hospitali.

Alikuwa mama mzee aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni. Soko zima lilimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali, nami nikamwita hivyo hivyo, ingawa mimi ni binti wa milimani, kule mvua inakonyesha bila kuombwa, na nyanya zangu wote wawili nilikwisha wazika. Alikuja kwetu miguu imevimba, akasikilizwa kifua, akaambiwa moyo wake umechoka. Kukaa, kuuza, kutembea kidogo, sawa. Kuinua mizigo, hapana. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea kuburuta mitungi, siku moja ataanguka pale pale sokoni na hatainuka.

Mwanawe wa pekee alitoka Nairobi siku ile ile aliyopigiwa simu. Ana duka la nguo Eastleigh, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, na alifika akiwa tayari amekwisha kumwandalia mama chumba nyumbani kwake, ghorofa ya tano.

"Nairobi nitaangalia nini?" Ayeyo akamwuliza mbele yetu sote. "Ukuta?"

"Hooyo, mama yangu, utakaa na wajukuu zako."

"Wanaenda shule. Wewe unaenda duka. Bibi yako anaenda duka. Mimi na ukuta."

Yule mwana alishika kingo za kiti kwa mikono miwili. "Mimi nina mama mmoja tu," akasema, na sauti yake ikakatika hapo. Ayeyo akageuza uso dirishani. Walipendana hadi wakawa hawawezi kuzungumza, na mimi na daktari tukabaki kukodoa macho kwenye karatasi zake ambazo hazikuwa na lolote la kusoma.

Daktari ndiye aliyepata njia. Alisema Ayeyo afungwe mkanda kwa wiki moja akiwa kazini. Ikionekana kazi yake inaupita uwezo wa moyo wake, aende Nairobi bila ubishi. Ikionekana ni nyepesi, abaki na soko lake. Mwana akakubali. Ayeyo akakichukua kile kidude, akakigeuzageuza kiganjani.

"Mwili yangu inafanya kazi," akasema, "na kitu hii inakaa tu. Halafu yeye ndiye atasema?"

Kabla ya kupima, ilinipasa kwenda kuiona kazi yenyewe. Nilikwenda alfajiri moja. Maziwa hutoka malishoni kwa pikapu, ndani ya mitungi ya manjano, na pikapu haiwezi kuingia hadi vibandani kwa sababu ya mchanga na watu, kwa hiyo hushusha barabarani na kila mama huchukua ya kwake. Niliwaona wanawake wakija na mitungi mgongoni, wakitaniana. Kisha nikamwona Ayeyo. Aliuburuta mtungi wake hatua chache, akasimama, akashika kifua chini ya jilbabu kana kwamba anatafuta pini iliyopotea, kisha akaburuta tena. Na baada ya huo kulikuwa na mwingine.

Nikaudaka ule wa pili. Alinipiga mkono.

Nilikuja kuelezwa baadaye. Katika safu ile ya maziwa, mtungi wa mwenzako huugusi. Maziwa ya kila mama yanatoka kwa ngamia wa jamaa zake, na kila mama anaufukiza mtungi wake kwa moshi wa mti aliouchagua mwenyewe, ili yasigeuke upesi na yawe na ladha ambayo wateja wake wameizoea. Kitambaa kilichofungwa shingoni mwa mtungi ndicho kinachomtaja mwenyewe. Cha Ayeyo kilikuwa cha kijani. Ukiugusa mtungi wa mtu na maziwa yakaharibika, mkono wako ndio utakaolaumiwa. Yakipungua, afadhali uhame mji. Wanawake wale waliazimana viatu, misala, hata watoto wa kutumwa dukani, lakini mkono wa kubeba mtungi hawakuazimana. Mwana wa Ayeyo aliwahi kumtafutia mtu wa mkokoteni wa kumsaidia, naye alifukuzwa kwa maneno ambayo hakuna aliyekubali kunitafsiria.

Siku ile nilipoona sitaruhusiwa kubeba, nikajitolea angalau kumfungia gunia. Mtungi ukifika huvishwa gunia lililoloweshwa maji, maziwa yasipate joto. Nililifunga kama tulivyofundishwa nyumbani kufunga gunia la maharagwe. Ayeyo alilitazama fundo langu, akalifungua taratibu mbele ya macho yangu, akalifunga upya.

"Hiyo ni fundo ya mbuzi," akasema. Safu nzima ikacheka, nami nikacheka, ingawa niliona haya.

Basi wiki yetu ikaanza. Kila asubuhi nilikwenda kumfunga mkanda nyumbani kwake, na jioni nikapita kuufungua. Kumfunga mtu mkanda kifuani si jambo la haraka. Alisimama ameinua mikono kama mtoto anayevishwa sare ya shule, chumba kikinukia ubani, nami nikazungusha ule mkanda kwenye mbavu zake ambazo zilihesabika. Alikuwa mwepesi mno. Nyanya yangu wa mwisho alikuwa hivyo mwaka wake wa mwisho, na kulikuwa na asubuhi nilizojidai mkanda umekwama ili nimshike kidogo zaidi. Naye alinipigia gumzo. Alinisimulia alivyozaliwa upande wa Sangailu, na jinsi anavyowajua wateja wake kwa fiatu kabla hajainua macho, yeye akivitamka hivyo hivyo, fiatu, maana kwa wengi wa safu ile v huwa f, na p mara nyingi huwa b.

Siku ya kwanza kabisa, mwenzake wa kibanda cha jirani, mama mmoja mrefu mwenye macho makali, alinisimamisha njiani. "Daktari," akaniambia, maana huko kila anayetoka hospitali ni daktari, "usiende kwake mapema sana. Mtu mzee lazima akunywe chai kwanza." Niliona ni jambo la heshima. Nikawa nachelewa makusudi, nangoja chai inywewe.

Jioni nikaingiza kidude kwenye kompyuta, roho mkononi, maana kufikia hapo nilikuwa nimejua ninachokitaka. Nilitaka abaki. Mstari ukatokea umelala. Palikuwa na mwinuko mdogo alipotembea kwenda sokoni, mwingine alipokwenda kuswali, basi. Nikafurahi. Siku iliyofuata ukalala tena, na furaha yangu ikaanza kuwasha. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiburuta mitungi na kushika kifua. Pale maziwa yanapofika, mstari ulipaswa kupanda kama mlima, na mimi nilikuwa natazama uwanda.

Kufikia mwisho wa wiki sikuvumilia. Nilipitia sokoni kwanza, kabla ya kwenda kumfunga.

Nikaikuta pikapu imesimama mbali kidogo na pale inaposimama siku zote. Yule mama mrefu na wenzake wawili walikuwa wanashusha mitungi yenye kitambaa cha kijani kabla ya mingine yote. Waliibeba haraka, bila utani, wakaiweka kibandani kwa Ayeyo, na yule mrefu akachovya gunia majini na kuanza kulifunga.

Damu ilinipanda. Mimi nikikasirika nashika kiuno, nami nikakishika.

"Hayo ni maziwa ya nani?"

Hakushtuka. "Ya mwenyewe."

"Mnanidanganya! Wiki nzima mnaniharibia kipimo!"

"Kitu yako iko wabi?" akaniuliza.

"Iko mfukoni mwangu. Naenda kumfunga sasa hivi."

"Kuna siku mtu ingine amefaa?"

"Hapana."

"Sisi tumeishika?"

"Hapana, lakini..."

"Basi uwongo iko wabi? Wewe umeuliza Ayeyo anafanya kazi kiasi gani. Anafanya kiasi hiyo."

"Wiki hii! Na wiki ijayo, mkanda ukishaondoka?"

Akaacha gunia. Alinikaribia, na kwa mara ya kwanza macho yake hayakuwa makali.

"Walaal, dada yangu, mimi nilikuja hapa na mtoto mgongoni. Sina ngamia, sina mtu. Huyo mama alichukua mtungi yangu, ilikuwa tubu, akanimiminia nusu ya maziwa yake. Kwa mkono yake. Halafu akaniambia kaa hapa karibu na mimi. Sasa akibelekwa kwa ghorofa, mimi nitakaa karibu na nani?" Akalirudia gunia. "Wiki ijayo tutabeba. Na ile ingine. Wallahi."

"Na yeye anajua?"

"Akijua atakataa. Anafikiri ni derefa anamletea, yule anashika mitungi tangu malishoni. Ndiyo maana tulikuambia umuache akunywe chai."

Kumbe hata mimi nilikuwa nimeingizwa kwenye njama yao tangu siku ya kwanza. Mimi niliyemcheka mhasibu! Nilitaka kuendelea kukasirika, kwa sababu hasira huniheshimisha, lakini mikono ilikuwa imeshanishuka kutoka kiunoni. Nikalia pale pale kati ya mitungi. Yule mrefu alinitazama kidogo, akanipa ncha ya shungi lake nijifute, na ilinuka moshi.

Nilimweleza daktari kila kitu, maana mstari ulikuwa wangu na singeweza kumpelekea nusu ya habari. Alisikiliza, akacheka, kisha akauvuta ule mstari karibu.

"Mkanda ulidanganya?" akauliza.

"Haukudanganya."

"Moyo wake ulipumzika kweli?"

"Ulipumzika."

"Basi dawa inafanya kazi," akasema. "Tutapima tena baada ya muda, bila kuwaambia wale kina mama. Wakichoka, tutajua."

Akampigia mwana simu mbele yangu na kumsimulia vile vile, pikapu, vitambaa, chai na yote. Kisha ile sauti ndogo ikauliza, je, mama yake anajua? Akaambiwa hajui. Akasema, basi asijue. Alikuja mwenyewe siku chache baadaye, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya maziwa, akamwamkia yule mama mrefu kwa kumwita eddo, kama mtu anavyomwita dada ya baba yake. Alikunywa maziwa aliyopewa, akarudi Nairobi peke yake.

Mimi ndiye niliyempa Ayeyo majibu, jioni ya mwisho, nikimfungua mkanda.

"Kitu yako imesema nini?"

"Imesema kazi yako ni nyepesi, Ayeyo. Unabaki."

"Nyebesi," akarudia. Alicheka mpaka akakaa kitandani. Nilidhani anacheka kwa furaha ya kubaki. Kisha akanishika kidevu na kuniombea dua ndefu, ambayo niliitikia amina kila alipopumua.

Tulimpima tena miezi iliyofuata, mara mbili, ghafla, mkanda ukimkuta nyumbani bila taarifa. Mstari ulilala kama mwanzo. Sasa kwa kuwa sikuwapo kumchelewesha, walikuwa wamempata jirani yake mmoja wa kuja kunywa naye chai kila asubuhi, mwanamke mwenye habari nyingi za mji na asiye na haraka yoyote. Miguu ya Ayeyo ilirudi kuwa miguu. Fomu yangu ya kuomba uhamisho, niliyokuwa nimeijaza tangu mwaka wa kwanza wa joto lile, ilibaki kwenye droo, na sikuwahi kukaa nikaamua ibaki. Ila njia yangu ya kwenda kazini, ambayo haipiti sokoni, nikaipitisha sokoni.

Asubuhi moja nilifika nikakuta yule mama mrefu hayupo. Binti yake alikuwa amejifungua, naye alikwenda kumkanda. Wale wenzake wawili walikuwa wamefikisha mtungi mmoja kibandani na wanahema, na watu wengine wa safu walikuwa mbali, kila mmoja na wa kwake. Mmoja wao akaniona. Alininyooshea tu kidevu kuelekea ule mtungi wa pili wenye kitambaa cha kijani.

Niliweka mkoba chini. Nilisita kidogo, nikaukumbuka ule mkono ulionipiga, kisha nikashika. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiria miezi yote ile nikitazama mistari. Tulikwenda nao sote watatu tukigongana magoti, maziwa yakanimwagikia sketi, na nilipoutua kibandani moyo wangu ulikuwa unapiga kiasi kwamba ningekuwa na mkanda ungeniandikia likizo. Wale wawili wakakimbilia mitungi yao. Nikabaki na gunia. Nikalichovya, nikauvisha mtungi, nikafunga haraka haraka, kisha nikajisogeza pembeni na kujitia nimekuja kununua.

Ayeyo akatokea, taratibu, fimbo mkononi, akiwaamkia watu wake mmoja mmoja. Akafika, akaweka fimbo, akaketi. Aliuangalia mtungi wa kwanza. Aliuangalia wa pili. Akalishika fundo la gunia kwa vidole viwili, akalitazama, kisha akanitazama mimi kuanzia viatu, akapanda hadi kwenye sketi iliyolowa maziwa, hadi usoni.

Hakulifungua. Alichukua kikombe, akakijaza hadi ukingoni, akaninyooshea.

"Mwambie derefa Ayeyo amesema asante," akasema. "Lakini leo amefunga fundo ya mbuzi."